Mpiga debe aliyesahau jibu alisamehewa, aliyejibu kwa ufasaha akamtia mgombea hasara

Katika stendi za mabasi za Afrika Mashariki mpiga debe haendeshi gari wala hana hisa ndani yake. Kazi yake ni kuita abiria. Lakini abiria akiahidiwa kiti, kisha akasimama kutoka Ubungo hadi Morogoro, hasira zake humwishia konda na mwenye basi, kwa kuwa mpiga debe alikwisha kubaki stendi akiita wengine.

Siasa za uchaguzi nazo zina wapiga debe wake. Hawagombei, ila wanatumwa redioni na kwenye televisheni kumsemea anayegombea. Kampeni za urais wa Marekani za mwaka 2008 ziliacha mifano miwili ya wapiga debe walioteleza katika mahojiano, na jinsi wapiga kura walivyowapokea watu hao wawili ni jambo ambalo mkulima na mwenye duka wanaweza kulielewa kuliko hata wataalamu wa siasa.

Wa kwanza ni Kirk Watson. Wakati huo alikuwa seneta katika bunge la jimbo la Texas, na kabla ya hapo alikuwa meya wa jiji la Austin. Februari 19, 2008, usiku ambao Barack Obama alishinda uchaguzi wa awali wa chama cha Democratic katika jimbo la Wisconsin, Watson alikaribishwa kwenye kituo cha televisheni cha MSNBC kumsemea Obama. Mtangazaji Chris Matthews akamwuliza swali ambalo kwa kulitazama ni jepesi: ataje jambo lolote ambalo mgombea wake amelifanikisha katika kutunga sheria. Watson akazunguka. Akaulizwa tena. Mwishowe akakiri, mbele ya kamera, kwamba hataweza kutaja jambo mahususi.

Kinachoshangaza ni kwamba jibu lilikuwepo, tena zaidi ya moja. Mwaka 2006 Obama alishirikiana na Seneta Tom Coburn wa chama pinzani kupitisha sheria iliyoitaka serikali iweke hadharani orodha ya fedha inazotoa kwa makampuni na taasisi, ili mwananchi yeyote aweze kuzifuatilia. Mwaka huo huo muswada wake kuhusu misaada, usalama na demokrasia katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulipitishwa na kutiwa saini na Rais George W. Bush. Akiwa bado katika bunge la jimbo la Illinois alisimamia sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi na watuhumiwa wa mauaji. Watson hakukumbuka hata moja. Baadaye aliandika mwenyewe juu ya tukio hilo kwa utani, akajicheka.

Kambi ya Hillary Clinton ilifurahi, maana hoja yao kuu ilikuwa kwamba Obama ni mwingi wa maneno na mchache wa vitendo. Wiki mbili baadaye, Machi 4, Texas ikapiga kura. Jimbo hilo wakati ule lilikuwa na utaratibu wa ajabu kidogo: kura mchana, kisha mikutano ya wanachama usiku, na yote mawili yanahesabiwa. Clinton alishinda kura za mchana kwa tofauti isiyo kubwa. Obama akashinda mikutano ya usiku, na kwa jumla akaondoka na wajumbe wengi zaidi. Kama kuteleza kwa Watson kuliwagusa Wademocrat wa Texas, hakukuwagusa kiasi cha kubadili mwelekeo. Watu walicheka, wakaendelea na shughuli. Watson mwenyewe aliendelea kuchaguliwa, na mwaka 2022 watu wa Austin wakamrudishia umeya.

Wa pili ni Phil Gramm, na habari yake ni nzito zaidi.

Gramm hakuwa mtu wa kubabaika. Ana shahada ya udaktari wa uchumi, aliwahi kufundisha somo hilo katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, na alikaa katika Seneti ya Marekani kwa miaka 17 hivi akiwakilisha Texas. Mwaka 2008 alikuwa makamu mwenyekiti wa tawi la uwekezaji la benki ya UBS, na wakati huo huo mwenyekiti mwenza wa kampeni ya John McCain wa chama cha Republican na mshauri wake mkubwa wa uchumi. Urafiki wao ulikuwa wa muda mrefu. Gramm alipojaribu kuutafuta urais mwaka 1996, McCain ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni yake kitaifa.

Julai 10, 2008, gazeti la The Washington Times lilichapisha mahojiano na Gramm. Katika mahojiano hayo alieleza kwamba mdororo wa uchumi uliokuwa ukizungumzwa nchini ni wa akilini tu, mithili ya mtu mwenye sonona, na kwamba Wamarekani wamekuwa kama taifa la walalamikaji. Hakubabaika, hakusahau. Alisema alichokiamini, kwa ufasaha, na kesho yake hakutaka kukifuta. Alichoongeza ni kwamba aliowaita walalamikaji ni viongozi, si wananchi.

Ni vizuri kukumbuka bei za wiki ile. Siku moja tu baada ya mahojiano kuchapishwa, pipa la mafuta ghafi katika soko la dunia lilifika dola 147, bei ambayo haikuwahi kuonekana kabla. Wastani wa bei ya petroli nchini Marekani ulifika dola 4.11 kwa galoni, yaani zaidi kidogo ya dola 1 kwa lita. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi bei hiyo haikuwa ya kutisha, kwa sababu huku ililipwa zaidi. Lakini Mmarekani wa kijijini husafiri mbali kwenda kazini, dukani na hospitalini, hana daladala ya kudandia, na wengi wao wanaendesha pikapu zinazokunywa mafuta. Dizeli ilikuwa mbaya zaidi: ilipita dola 4.70 kwa galoni. Mwezi Aprili mwaka huo baadhi ya madereva wanaomiliki malori yao wenyewe walikuwa wamekwisha kuegesha magari au kwenda mwendo wa kinyonga barabarani kupinga bei hiyo.

Juni 3 kampuni ya General Motors ilikuwa imetangaza kufunga viwanda vinne vya malori madogo na magari makubwa ya familia, kikiwamo cha Janesville, Wisconsin, na cha Moraine, Ohio, kwa kuwa wateja waliyakimbia magari yanayokula mafuta mengi. Katika jimbo la Michigan, kitovu cha utengenezaji wa magari, watu wasio na kazi walikuwa zaidi ya asilimia 8 ya nguvu kazi. Mtu aliyepewa barua ya kuachishwa kazi, au mwenye mgahawa mbele ya lango la kiwanda kilichofungwa, hakuhitaji mchumi wa kumweleza kama maumivu yake yako akilini au mfukoni.

Hata hivyo Gramm hakuokota maneno yale hewani. Takwimu za serikali zilizokuwepo mezani wakati ule zilionyesha uchumi bado unakua, ingawa kwa kusuasua. Mauzo ya nje yalikuwa mazuri. Kwa upande mwingine, kipimo cha hisia za wanunuzi kinachotolewa na Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa kimeshuka mwezi Juni hadi 56.4, kiwango cha chini kuliko vyote tangu mwaka 1980. Ukiweka karatasi hizo mbili pamoja, moja ikisema biashara inakwenda na nyingine ikisema watu wamekata tamaa, ni rahisi kwa msomi kuamua kwamba watu ndio wenye matatizo. Mwenye duka angeamua kinyume. Yeye anajua kwamba mauzo huanza kupungua kaunta, kisha wateja wanaokopa wanazidi, kisha muuza jumla anakataa kutoa mali kauli, na taarifa ya ofisi ya takwimu hutoka wakati shelfu zimekwisha kuwa tupu.

Hapa ndipo suala la wakulima linapoingia, nao hawakuwa kundi moja. Kwa mkulima wa mahindi wa Iowa au Illinois mwaka 2008 ulianza kama mwaka wa neema. Bei ya mahindi katika soko la Chicago ilipita dola 7 kwa busheli mwezi Juni, sawa na dola 27 na nusu hivi kwa gunia la kilo 100. Viwanda vya kutengeneza ethanoli, nishati inayochanganywa na petroli, vilikuwa vikigombania nafaka. Mafuriko makubwa ya Juni katika Iowa yaliharibu mashamba ya baadhi yao, lakini aliyenusurika alikuwa na mali ghalani. Mkulima wa namna hiyo angeweza kumsikiliza Gramm bila kukasirika.

Jirani yake anayefuga nguruwe au kuku alikuwa na hesabu nyingine kabisa. Kwake mahindi ya dola 7 ni gharama ya chakula cha mifugo, na bei ya nyama haikupanda kwa kasi hiyo. Mwezi Machi 2008 kampuni ya Pilgrim's Pride ya Texas, iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini humo katika uzalishaji wa kuku, ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Siler City, North Carolina, na kuwaachisha kazi watu wapatao 1,100, ikilaumu gharama ya chakula cha kuku. Kiwanda cha namna hiyo kikifungwa, mfugaji wa mkataba aliyejenga mabanda kwa mkopo hubaki na mabanda na mkopo.

Na hata mwenye mahindi furaha yake ilikuwa na tundu. Mbolea ya DAP, iliyokuwa dola 260 hivi kwa tani mwaka 2006 katika soko la dunia, ilivuka dola 1,000 mwaka 2008. Bei hiyo haikubaki Marekani. Ilifika Eldoret, ambako wakulima waliokuwa wakijiandaa kupanda baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 walikuta mfuko wa DAP umepanda vibaya. Ilifika Mbeya na Iringa pia, na ni katika msimu wa 2008/09 ambapo serikali ya Tanzania ilianza kugawa vocha za pembejeo ili mkulima wa mahindi aweze kumudu mbolea ya ekari moja. Kwa maana hiyo walalamikaji wa Gramm walikuwa wengi kuliko alivyowahesabu, na wengine hawakuwa na kura Marekani.

McCain alitambua hatari mapema. Siku ile ile mahojiano yalipotoka alikuwa Michigan, na akasema waziwazi kwamba Gramm hamsemei, kwamba yeye hujisemea mwenyewe, na kwamba mtu aliyepoteza kazi Michigan hana mdororo wa akilini. Alipoulizwa kama Gramm angepata cheo katika serikali yake, alitania kwamba labda angemfaa ubalozi wa Belarus. Obama naye, akiwa Virginia, alimfananisha Gramm na Dokta Phil, mtaalamu wa saikolojia mwenye kipindi maarufu cha televisheni, akisema nchi inaye mmoja tayari na haihitaji wa pili kwa ajili ya uchumi. Julai 18 Gramm akajiuzulu uenyekiti mwenza wa kampeni.

Lakini kumkana mpiga debe ni rahisi pale tu ambapo watu wanaamini kwamba mgombea ana mawazo tofauti. Mwezi Desemba 2007 McCain mwenyewe alikuwa amekiri kwamba uchumi si jambo alilolielewa vizuri kama ilivyompasa. Mgombea akisema hivyo, mpiga kura ana haki ya kumtazama mshauri wake kwa makini zaidi, kwa sababu huyo ndiye atakayemnong'oneza Ikulu. Watson angeweza kuondoka kwenye kampeni ya Obama na hakuna sera ambayo ingebadilika. Gramm alikuwa jikoni kwenyewe.

Tena alikuwa na historia. Akiwa mwenyekiti wa kamati ya benki ya Seneti alikuwa mstari wa mbele katika sheria ya mwaka 1999 iliyoondoa ukuta kati ya benki za kawaida na za uwekezaji, na katika sheria ya mwaka 2000 iliyoacha sehemu kubwa ya biashara ya mikataba ya fedha na nishati bila uangalizi wa karibu. Majira ya joto ya 2008 wenye malori, mashirika ya ndege na vyama vingi vya wakulima walikuwa wakiwanyooshea kidole walanguzi wa masoko ya bidhaa. Ni kiasi gani walanguzi hao walichangia bei ya mafuta bado wachumi hawakubaliani, na pengine lawama zilizidi. Hata hivyo Sheria ya Kilimo ya mwaka 2008 iliweka kipengele cha kuziba sehemu ya mwanya huo. McCain aliipinga sheria hiyo, kama alivyopinga ruzuku za ethanoli. Obama aliiunga mkono. Kwa mkulima wa Iowa hilo lilikuwa na uzito kuliko matusi ya aina yoyote.

Je, mahojiano ya Gramm peke yake yalimwangusha McCain? Hapana. Mapema Septemba, baada ya mkutano mkuu wa chama chake na uteuzi wa Sarah Palin kuwa mgombea mwenza, kura za maoni zilimwonyesha McCain akiwa mbele kidogo. Maneno ya Julai yalionekana kusahauliwa.

Septemba 15 benki ya Lehman Brothers ikaomba hifadhi ya mufilisi. Siku hiyo hiyo, akiwa Jacksonville, Florida, McCain aliwaambia wananchi kwamba misingi ya uchumi wa nchi ni imara. Hapo maneno ya Julai yakafufuka. Kilichokuwa kauli ya mshauri mmoja aliyekwisha kuondoka sasa kilionekana kuwa ndicho kilichomo kichwani mwa mgombea mwenyewe, na wapinzani wake hawakuhitaji kazi kubwa kuyaunganisha hayo mawili.

Kesho yake, kana kwamba haikutosha, mpiga debe mwingine wa McCain akateleza. Carly Fiorina, mkuu wa zamani wa kampuni ya kompyuta ya Hewlett-Packard, aliulizwa na redio moja ya St. Louis kama Palin angeweza kuongoza kampuni kubwa ya namna hiyo. Akajibu hapana. Alipopelekwa kwenye televisheni kurekebisha, akaongeza kwamba hata McCain asingeweza, wala Obama, wala Joe Biden. Pengine alikuwa mkweli kuliko wote waliohojiwa mwaka ule, lakini wiki ambayo benki zinaanguka si wiki ya kuwaambia wapiga kura kwamba mgombea wako hawezi kuendesha kampuni. Hakuonekana sana kwenye televisheni baada ya hapo.

Kufikia Oktoba 2 McCain alikuwa ameondoa kampeni yake Michigan, jimbo ambalo miezi mitatu kabla alisimama akimkana Gramm. Novemba 4 Obama alilichukua kwa tofauti ya asilimia 16 hivi. Alichukua Iowa pia, pamoja na Ohio na Indiana, na kwa nchi nzima akapata karibu asilimia 53 ya kura. Kati ya wapiga kura waliohojiwa wakitoka vituoni, asilimia 63 walisema uchumi ndio suala walilolipa uzito kuliko mengine yote. Kogelo kulikuwa na ngoma, na Rais Mwai Kibaki akatangaza Novemba 6 kuwa siku ya mapumziko Kenya nzima, ingawa wapiga kura wa Michigan na Iowa hawakuwa wakimfikiria Mluo yeyote walipokuwa wakihesabu bei ya petroli.

Baada ya hapo bei ziliporomoka kwa kasi ile ile ziliyopandia. Mafuta yalishuka chini ya dola 40 kwa pipa mwezi Desemba, na mahindi yakarudi karibu dola 3 kwa busheli, chini ya dola 12 kwa gunia la kilo 100. Wauzaji wa pembejeo walioagiza mbolea ya msimu wa 2009 wakati bei iko juu walibaki na maghala ya mali ghali. VeraSun, mojawapo ya kampuni kubwa za ethanoli, iliomba hifadhi ya mufilisi Oktoba 31 baada ya kujifunga kununua mahindi kwa bei ya juu, na wakulima waliokuwa na mikataba nayo wakaanza kutafuta mnunuzi mwingine kwa bei ya soko.

Desemba 1, 2008, kamati ya wachumi ya taasisi ya NBER, ambayo ndiyo yenye kauli ya mwisho juu ya tarehe za midororo ya uchumi Marekani, ilitangaza kwamba mdororo ulikuwa umeanza Desemba 2007. Maana yake ni kwamba Gramm alipozungumza na gazeti lile, nchi ilikuwa ndani ya mdororo kwa miezi saba. Siku hiyo hiyo ya Desemba 1, katika Texas alikotoka Gramm, Pilgrim's Pride nayo iliomba hifadhi ya mufilisi.